Urusi kwa macho ya wawindaji: siasa, uhuru na pori

#1 Mtaiga (mtoa mada)

Wakuu, salaam kwenu.

Nyuzi za Urusi humu huwa zinagawanyika mapema. Huyu anamsifu Putin, yule anamlaani, basi. Mrusi wa kawaida, dereva, fundi wa reli, mwalimu wa kijijini, hasikiki kabisa. Mimi naishi Irkutsk, Siberia ya mashariki, upande wa Ziwa Baikal. Nilikuja kusoma, nikaoa, nikabaki. Wakwe zangu ni wawindaji tangu mababu, na siasa za nchi hii nimezielewa zaidi kwa kusikiliza maongezi yao ya uwindaji kuliko kwa kutazama taarifa ya habari. Kwa hiyo nitapita njia hiyo hiyo.

Kwanza lieleweke kwamba huku kuwinda ni jambo la watu wa kawaida. Mwaka 1920 Lenin alisaini amri iliyompa raia mtu mzima haki ya kuwinda akiwa na kadi, na fikra hiyo imeishi mpaka leo. Sheria inayotumika sasa ni ya 2009, ilianza kazi Aprili 2010. Kadi ya mwindaji ni moja kwa nchi nzima na haina tarehe ya kuisha. Anayeiomba asiwe na hukumu ya kosa la jinai la kukusudia, na awe anayajua mambo ya msingi: wanyama, misimu, usalama wa silaha.

Bunduki ina mlolongo wake. Kibali kinatolewa na Rosgvardiya, kikosi cha Walinzi wa Taifa kilichoundwa 2016 na kuchukua kazi hiyo kutoka polisi. Unapimwa na daktari wa akili na daktari wa dawa za kulevya, unapita mafunzo, na nyumbani lazima uwe na kabati la chuma ambalo askari anakuja kulikagua. Unaanza na bunduki ya marisau. Ile ya risasi za kupiga mbali huipati mpaka umiliki hiyo ya kwanza miaka 5 bila doa. Bastola ya kawaida ya risasi raia hauziwi.

Sasa pori lenyewe. Kuna maeneo ya wote, ambayo kisheria hayatakiwi kushuka chini ya asilimia 20 ya maeneo ya uwindaji ya kila mkoa. Mengine ni vitalu vya kampuni au vyama vya wawindaji, kwa mikataba ya miaka 20 hadi 49 inayopatikana kwa mnada. Hapo ndipo siasa inapomgusa mtu. Mzee aliyewinda bonde lile lile tangu ujana wake anaamka msimu mmoja anakuta kitalu kina mwenyewe, na ili aingie anatakiwa anunue hati wanayoiita putyovka. Kwenye maeneo ya wote vibali vya dubu na vya losi, mnyama wa jamii ya kulungu aliye mkubwa kama farasi, ni vichache, na mikoa mingi huvigawa kwa kupiga kura ya bahati. Baba mkwe wangu hana chama, wala sijawahi kumsikia akitaja mgombea. Ila muulize nani kakichukua kitalu cha mto fulani na kwa njia gani. Atakueleza serikali inavyofanya kazi kuanzia wilayani hadi Moscow, bila kusoma popote.

Kizazi chake kina kumbukumbu moja ambayo ukiikosa hutamwelewa Mrusi: miaka ya tisini. Viwanda vilisimama, mishahara ilicheleweshwa miezi kwa miezi, familia zikaishi kwa viazi vya bustanini na nyama ya porini. Wengi waliwinda bila kibali kwa sababu watoto walitaka kula. Mtu aliyepita hapo akikwambia anataka utulivu, anasema kitu anachokijua. Mimi sikubaliani naye kwamba utulivu ulitakiwa kulipiwa kwa kunyamaza, na nimemwambia hivyo mezani kwake, lakini hofu yake siidharau.

Vijana wana habari nyingine. Hapa kuna mfumo wa serikali wa mtandaoni unaitwa Gosuslugi. Humo unalipa faini, unaandikisha mtoto shule, unaomba kadi ya mwindaji. Aprili 2023 ikapitishwa sheria inayoruhusu hati za kuitwa jeshini zitumwe kielektroniki, na akaunti hiyo hiyo ndiyo njia mojawapo. Ikishahesabika kwamba umeipata, unaweza kuzuiwa kutoka nchini. Shemeji yangu aliomba kadi yake ya uwindaji humo. Sasa kila simu ikilia mlio wa ujumbe wa Gosuslugi, mama yake anasimama.

Ndiyo hali tunayoishi nayo. Mtu huyu ana bunduki kabatini, anaweza kukaa peke yake ndani ya msitu usioisha, hakuna anayemuuliza anakwenda wapi. Akirudi mjini, sheria iliyopitishwa Machi 2022 inaweza kumfunga hadi miaka 15 kwa maneno juu ya jeshi yakihukumiwa kuwa ni uongo. Nataka tujadili huo ni uhuru wa namna gani. Karibuni.

#2 Kifaru wa Selous

Mkuu Mtaiga, uzi mzuri. Ila mimi naona wametuzidi. Kwetu wenyeji wana utaratibu wao wa vibali, lakini mtu wa kawaida ukimwambia uwindaji anawaza kampuni za watalii, vitalu na wageni wenye dola. Mwanakijiji akikamatwa na kitoweo cha swala, ni jangili. Fundi wa reli wa Siberia anaondoka na losi mzima kihalali! Mimi huo nauita uhuru wa kweli, kuliko wa kupiga kura kila miaka mitano halafu unabaki na njaa.

#3 Binti Mvita

Asalaam aleikum ndugu zangu. Kwetu Kenya uwindaji ulipigwa marufuku 1977, kwa hiyo mambo haya nayasoma kwa mshangao.

Ndugu Mtaiga, nakumbuka kisa cha mbunge wa Kikomunisti aliyekutwa na mzoga garini. Alionewa kwa sababu ya siasa au alikuwa na makosa kweli?

#4 Mtaiga

@Binti Mvita wa aleikum salaam dada. Kisa hicho hapa kilizungumzwa katika kila nyumba yenye bunduki.

Ni Valery Rashkin, aliyekuwa mbunge wa Duma, bunge la taifa la Urusi, kutoka Moscow. Septemba 2021 alikuwa mbele kabisa kupinga matokeo ya kura za mtandaoni za Moscow. Mwezi uliofuata, Oktoba 29, akasimamishwa usiku mkoa wa Saratov, garini mna losi aliyekatwakatwa. Mwanzoni alisema waliukuta mzoga tu. Baadaye akatoa video akakiri kuua, akasema aliyewaalika alimhakikishia kibali kipo. Duma ikamvua kinga mwezi Novemba, na Aprili 2022 akahukumiwa kifungo cha nje cha miaka 3. Ubunge ukaenda.

Wawindaji niliowasikia hawakumtetea. Kwa mwindaji, kuingia porini bila kukiona kibali kwa macho yako ni kosa la kitoto. Lakini hao hao walikuwa wanauliza: huyu alikuwa anafuatwa tangu lini? Na wakubwa wengine mbona hawasimamishwi njiani?

Wanaouliza hivyo wanaikumbuka Altai, eneo la milima kusini mwa Siberia. Januari 2009 helikopta ilianguka milimani huko, wakafa watu 7, akiwemo Alexander Kosopkin, mwakilishi wa Rais katika Duma. Picha za mabaki zikaonyesha mizoga ya argali, kondoo wa mlimani walioko kwenye Kitabu Chekundu cha viumbe adimu. Kuwapiga ni marufuku, na kuwinda kwa helikopta ni marufuku nyingine. Watu 3 walionusurika walifikishwa mahakamani, mmoja wao aliyekuwa naibu mkuu wa serikali ya Altai, na mwaka 2011 wote wakaachiwa huru.

Weka kesi hizo mbili pamoja. Mpinzani mwenye losi mmoja kahukumiwa. Msafara wa wakubwa na argali zao umetoka salama. Sihitaji kumfundisha baba mkwe wangu maana ya usawa mbele ya sheria, hesabu hiyo kaifanya mwenyewe zamani.

Kuna na ya Kamchatka, Agosti 2021. Mbunge wa bunge la mkoa, wa chama tawala na tajiri mkubwa, alimpiga risasi mtu karibu na jalala, akajitetea kwamba alidhani ni dubu. Mtu akafa. Hiyo iliwaudhi wawindaji kuliko zote, kwa sababu kanuni ya kwanza anayofundishwa mtoto ni kwamba usichokiona vizuri hukipigi.

Wala si wa chama kimoja. Mkoani kwetu gavana Sergei Levchenko, Mkomunisti, alishinda 2015 kwa kumwangusha mgombea wa chama tawala, jambo la nadra sana. Mwaka 2019 ikasambaa video yake akimpiga dubu aliyelala pangoni. Yeye alisema uwindaji ule ulikuwa halali. Watu wengi waliomchagua waliona aibu. Desemba mwaka huo akajiuzulu, ingawa hapo mafuriko makubwa ya Tulun na jinsi yalivyoshughulikiwa yalikuwa na uzito zaidi.

#5 Ngosha wa Lumumba

Nimesoma Moscow, chuo chetu kilianzishwa 1960, mwaka uliofuata kikapewa jina la Lumumba, wakaliondoa 1992, wakalirudisha 2023. Kwa hiyo naongea kwa kuijua nchi.

Mtaiga unaandika vizuri lakini unaandika Siberia. Moscow ni dunia nyingine. Vijana niliokuwa nao hawajawahi kugusa bunduki, na wengi wanaona kuua mnyama ni ukatili. Kila mwaka kunazuka ubishi kuhusu uwindaji wa masika, ndege wanapopandana. Wanamazingira wanataka ufutwe wote, wawindaji wanasema ni siku chache na ni mila. Kwa kijana wa Moscow uhuru ni intaneti. Machi 2022 walifungiwa Facebook na Instagram, mwaka 2024 YouTube ikawa inakwama. Kila mtu ana VPN mpaka bibi zao. Februari 2024 iliposemwa Navalny, kiongozi wa upinzani, amefia gerezani kule Kharp, kaskazini ya mbali, watu walikwenda kuweka maua tu kwenye minara ya kumbukumbu ya waliouawa zama za Stalin, wakakamatwa. Kuweka maua, mkuu!

@Kifaru wa Selous naomba uufikirie tena huo uhuru wa losi.

#6 Kifaru wa Selous

Ngosha sijakataa. Lakini mwenye njaa haweki maua.

#7 Mtaiga

@Ngosha wa Lumumba umesema kweli, na nimefurahi umeileta Moscow. Ila ukija huku usidhani watu wa msituni hawaoni. Wanaona, na wanaongea, isipokuwa wanachagua mahali. Zamani za Usovieti mazungumzo ya kweli yalikuwa jikoni, mlango umefungwa. Sasa jikoni kuna simu ya kila mtu mezani. Nimeona watu wakingoja wafike kwenye kibanda cha porini, kule mtandao haushiki, ndipo wanasema wanavyofikiri juu ya vita vya Ukraine.

Vibanda hivyo vina desturi yake, huitwa zimovye. Unapoondoka unaacha kuni kavu, kiberiti, chumvi, na chakula kidogo kwa yeyote atakayefika baada yako, hata humjui. Asiyefanya hivyo anaweza kuua mtu, maana huku baridi ikifika nyuzi 40 chini ya sifuri hakuna muda wa kutafuta kuni. Watu hawa hawaaminiani kusema neno kwenye basi, lakini wanaaminiana kwa uhai. Mimi hilo linanigusa sana.

@Kifaru, kuhusu njaa na maua. Septemba 21, 2022 ilipotangazwa amri ya kuita watu 300,000 vitani, mzigo uliangukia vijijini na mikoa maskini. Buryatia, jirani zetu ng'ambo ya Baikal, watu waliamshwa usiku kupewa hati. Yule fundi mwenye losi wake halali ndiye aliyeitwa kwanza. Nyama anayo, lakini hakuwa na pa kusemea. Wengine wamekwenda wenyewe kwa mkataba kwa sababu pesa za kusaini ni kubwa kuliko chochote walichowahi kushika, na sitamhukumu mtu mwenye deni la nyumba.

Hata uwindaji wenyewe vita vimeubadilisha. Mikoa ya mpakani kama Belgorod msimu umefungwa kwa usalama. Risasi na darubini za Ulaya hazipatikani kama zamani, watu wamerudi kwenye bunduki za viwanda vya Urusi yenyewe, Tula na Izhevsk. Na bunduki ya marisau, ile ya kupigia bata, sasa inatumika mstari wa mbele kupigia droni ndogo. Wawindaji wazoefu wanaitwa kufundisha askari kulenga kitu kinachoruka. Mzee mmoja hapa kijijini kazi hiyo ilimkosesha usingizi, akaacha kwenda bwawani msimu mzima.

#8 Mjomba Kigamboni

Swali. Bunduki zote hizo majumbani, serikali haiogopi?

#9 Mtaiga

@Mjomba Kigamboni inaogopa zaidi kijana mwenye hasira kuliko mapinduzi. Kerch, Oktoba 2018, mwanafunzi wa miaka 18 aliua watu 20 chuoni. Kazan, Mei 11, 2021, kijana wa miaka 19 aliingia shule aliyosoma, akaua 9, wengi wao watoto. Wote wawili walikuwa na vibali halali. Baada ya Kazan umri wa kumiliki ulipandishwa kutoka 18 hadi 21, kuanzia Juni 2022, isipokuwa kwa waliotumikia jeshi, wawindaji wa kazi na watu wa makabila asilia ya uwindaji. Humu nyumbani waliunga mkono. Kilichowakera ni kwamba kosa la daktari na afisa aliyetoa kibali bila kuangalia, mwindaji wa miaka 60 analipia kwa foleni na vyeti.

Kuhusu kuasi, hapana. Bunduki hapa zimeandikwa namba, ziko kabatini, na mwenyewe anajua akikosea neno moja kibali kinaondoka. Mtu anayeipenda bunduki yake ana sababu moja zaidi ya kunyamaza. Hilo nimelifikiria sana, na ndilo linalonifanya nisikubaliane na Kifaru.

#10 Mama Eyasi

Habari za jioni wanangu. Mimi nimefanya kazi na Wahadzabe kandokando ya Ziwa Eyasi. Wao wameruhusiwa kuwinda kwa ajili ya chakula, lakini ardhi inawaponyoka kila mwaka, mashamba na mifugo vinawabana. Nimependa uliposema makabila asilia. Hao wa Urusi wakoje?

#11 Mtaiga

@Mama Eyasi shikamoo mama.

Orodha rasmi ina makabila madogo 47, yaani yenye watu wasiozidi 50,000. Waevenki wako mkoani kwetu, Wanenets kaskazini kabisa, Waudege na Wananai upande wa Mto Amur na Primorye, mashariki ya mbali kabisa. Sheria ile ya 2009 inawaruhusu kuwinda kwa maisha yao bila kibali cha msimu, katika maeneo yao ya asili.

Historia yao ni ya manyoya. Warusi walivuka milima ya Ural miaka ya 1580 na kitu walichokifuata ni soboli, mnyama mdogo wa jamii ya kicheche mwenye manyoya yenye thamani kama dhahabu. Kila kabila likatozwa yasak, kodi ya ngozi, na mara nyingi wazee wao walishikwa mateka mpaka kodi ilipwe. Soboli akaisha kiasi kwamba Januari 1917, wiki chache kabla ya mfalme kuondolewa, ikatengwa hifadhi ya Barguzin ufukweni mwa Baikal ili kumwokoa. Wakamwokoa. Lakini Waevenki waliokuwa wakiwinda pale walihamishwa. Ukilijua hilo, utaelewa kwa nini neno hifadhi kwao si tamu.

Mfano mzuri zaidi upo Primorye. Hifadhi ya taifa ya Bikin ilianzishwa 2015, msitu wa chui milia wa Amur, na Waudege wa kijiji cha Krasny Yar walipigania miaka mingi msitu huo usikatwe. Wameachiwa kuendelea kuwinda na kuvua humo. Si kamili, maamuzi makubwa yanatoka juu, lakini hawakufukuzwa. Nadhani hilo Eyasi wangelifurahia kulisikia.

#12 Mama Eyasi

Marahaba mwanangu. Nitawaambia.

#13 Mganga wa Mifugo

Naongeza moja ambalo halijaguswa. Homa ya nguruwe ya Afrika ilielezwa kisayansi mara ya kwanza Kenya, 1921. Mwaka 2007 iliingia Georgia, ikavuka kwenda Urusi kupitia nguruwe pori. Huko wawindaji waliathirika vipi?

#14 Mtaiga

@Mganga wa Mifugo vibaya sana, hasa upande wa Ulaya wa nchi. Serikali iliamua kupunguza nguruwe pori, vibali vikawa rahisi, wakapigwa mpaka maeneo mengi wakaadimika. Kilichoacha chuki ni nguruwe wa nyumbani. Ugonjwa ukionekana, maafisa wanakuja na kuteketeza nguruwe wote wa eneo zima, wazima na wagonjwa. Bibi mwenye nguruwe wawili anabaki bila kitu, shamba la kampuni kubwa lenye uzio linaendelea. Kitaalamu wana hoja, mabanda ya wazi ndiyo yanayoambukizwa. Lakini wanakijiji wanasema kampuni ndizo zilizotaka iwe hivyo, na hakuna aliyekaa nao chini kuwaeleza kwa heshima. Nimesikia watu wanaomuunga mkono Rais kwa kila kitu wakitukana gavana mpaka sauti inakauka kwa ajili ya nguruwe. Ndiyo kawaida ya hapa: mkubwa wa juu hajui, wa chini ndio waovu. Mimi nawauliza, wa chini kawateua nani?

#15 Kifaru wa Selous

Haya Mtaiga, la bunduki na kunyamaza limenikaa kichwani. Nakubali nusu. Nusu nyingine bado naona mtu mwenye pori lake ana kitu ambacho sisi hatuna.

#16 Mtaiga

Anacho kweli kaka, wala sitaki kukikana. Nataka tu awe nacho na mjini pia.

#17 Kijana wa Kahama

Samahani wakuu kwa kuingilia. Nipo mwaka wa pili Irkutsk, kuna mtu bweni kwetu anatupeleka porini wikiendi kwa malipo, anasema bunduki anatuazima. Ni salama?

#18 Mtaiga

@Kijana wa Kahama usiende. Mgeni anayekaa kwa muda anaweza kuwinda kihalali, lakini kwa mkataba wa maandishi na kampuni au chama chenye kitalu, na kibali kimeandikwa jina lako, mnyama, eneo na tarehe. Bunduki ya mtu mwingine kuazimwa kienyeji ni kosa la mwenye bunduki na la kwako pia, na wewe utaongezewa kufukuzwa nchini. Kumbuka kisa cha losi hapo juu: na yeye aliambiwa kibali kipo. Nitumie ujumbe wa faragha, nitakuelekeza kwenye chama cha wawindaji cha wilaya, uanze kwa kuongozana nao bila silaha.